Heri Iitwe X: Juu ya Chaza, Vimelea na Haki ya Kutoa Jina



Katika toleo hili tunataka kujadili swali la kale: je, kukipa kitu jina ni sawa na kukijua? Na liko swali la pili lisiloachana na hilo la kwanza: ukishatoa jina, unadaiwa nini na hicho ulichokiita? Wanafalsafa wameyaandikia maswali haya vitabu vizima. Sisi tuliosomea uhandisi ugenini na kubaki huku miaka mingi tungependa kuyapitia kwa njia ya pembeni kidogo, yaani kwa habari za chaza na vimelea vya seli moja vinavyomwua.

Pengine msomaji atauliza, chaza na sisi wapi na wapi? Wasomaji wetu wengi wako Louisville, Columbus na Buffalo, miji ambayo bahari yake iko mbali mno. Hata hivyo chaza hawakukosa kufika bara. Louisville ina chakula chake cha kienyeji, chaza kadhaa waliofumbatwa pamoja, wakachovywa katika rojo la unga, wakaviringishwa katika chenga za biskuti na kukaangwa. Mkahawa wa Mazzoni uliokijulisha ulifunguliwa mwaka 1884, ukafungwa 2008. Buffalo ilifunguliwa njia ya majini hadi pwani mwaka 1825, Mfereji wa Erie ulipokamilika. Columbus nayo, katika Chuo Kikuu cha Ohio State, ina moja ya hazina kubwa duniani za makombe ya kome wa mito, yamepangwa madrooni, kila moja na karatasi yake ya jina. Kwa hiyo hatuko mbali sana na mada kama inavyodhaniwa.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1957, katika Ghuba ya Delaware, chaza walianza kufa. Mwaka 1959 vifo hivyo vilionekana pia katika Ghuba ya Chesapeake. Katika sehemu za chini za Delaware, zenye chumvi nyingi zaidi, zaidi ya asilimia 90 ya chaza waliopandwa walikufa katika muda wa miaka michache. Familia zilizoishi kwa chaza tangu enzi za mababu zilibaki na mashua na madeni. Wataalamu walipokata nyama ya chaza vipande vyembamba na kuiweka chini ya hadubini, waliona vitufe vidogo vyenye viini vingi ndani yake. Hawakuwa wamewahi kuviona, wala hawakujua ni vya ukoo gani.

Hapo walifanya jambo ambalo sisi tunaliona la heshima kubwa. Walikiita kitu hicho MSX. Herufi ya kwanza yasimama kwa wingi wa viini, ya pili kwa umbo la tufe, na ya tatu, X, yasema wazi kwamba hawajui ni nini. Kwa miaka kadhaa hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mwaka 1966 tu, Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake wakakipa jina la kisayansi, Minchinia nelsoni, kwa kumkumbuka Thurlow Nelson aliyewatangulia katika utafiti wa chaza. Baadaye kikahamishiwa jenasi nyingine, kikawa Haplosporidium nelsoni. Lakini wavuvi na wataalamu wangali wanakiita MSX hadi leo.

Sisi wahandisi tunaifahamu X. Ni herufi ya kwanza tunayofundishwa kuiheshimu. Mwanafunzi anayeandika X mahali pa kiasi asichokijua bado ana njia ya kulipata jibu. Yule anayeweka namba ya kubuni kwa sababu anaona aibu kuacha pengo, hesabu yake yote itakwenda vizuri kutoka mstari hadi mstari na mwisho wake daraja litaanguka. Namba ya uongo huzuia kutafuta, kwa maana hakuna atafutaye kile anachodhani anacho.

Mfano wa pili unaonyesha hatari hiyo. Katika miaka ya 1940 wafugaji wa chaza wa Louisiana waliona chaza wao wakifa, wakayatupia lawama makampuni ya mafuta yaliyokuwa yakichimba visima jirani. Mashauri yakafika mahakamani. Makampuni yakatoa fedha kwa taasisi ya utafiti ya Texas A&M ili sababu ichunguzwe. Mwaka 1950 John Mackin na wenzake wawili wakatangaza kwamba wamegundua kimelea, wakakiita Dermocystidium marinum, kwa kuwa kwa sura kilifanana na jamii iliyohesabiwa kuwa ya kuvu.

Hebu tusimame kidogo hapa. Ugunduzi huo uliwafaa waliotoa fedha. Je, ulikuwa uongo? La hasha. Kimelea kilikuwapo, na kingali kinaua chaza hadi sasa. Ukweli haugeuki kuwa uongo kwa sababu umelipiwa na mwenye faida. Lakini pia kupatikana kwa mwuaji mmoja si hati ya kuwasafisha washukiwa wote wengine. Maadili ya kutoa jina yanadai mambo mawili kwa pamoja: tusiukatae ukweli kwa kumchukia aliyeuleta, na tusiupe ukweli huo kazi kubwa kuliko inayouhusu.

Turudi kwenye jina. Kimelea kile hakikuwa kuvu. Mwaka 1966 kilihamishiwa jenasi nyingine, kikaitwa Labyrinthomyxa marina. Hapo napo hapakuwa kwao. Ndipo mtaalamu Frank Perkins alipoviangalia kwa hadubini ya elektroni, hasa vile vichanga vyake, vijiseli vyenye mikia viwili viwili vinavyoogelea kutafuta makao. Akakuta ndani yake viungo vinavyofanana na vya jamii ya vimelea vya malaria. Mwaka 1978 Norman Levine akakianzishia jenasi mpya, akaiita Perkinsus. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita tangu kiitwe kuvu. Hata hapo safari haikuisha. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kuwa kimekaribiana zaidi na dinoflajelata, viumbe vya seli moja ambavyo baadhi yake huigeuza bahari kuwa nyekundu, na mwaka 1999 kikafunguliwa kundi lake kubwa la pekee.

Tazama jinsi ukweli ulivyopatikana. Kwa sura ya utu uzima wake, kimelea kilionekana kuvu. Kilipotazamwa utoto wake, kilionekana jamaa ya malaria. Kilipoulizwa nasaba yake kwa jeni, kikajitenga. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yako pia makosa ya upande wa pili. Kimelea cha jamii hiyo hiyo kilichoelezwa Australia mwaka 1981 kikaitwa Perkinsus olseni, na cha Ureno kikaitwa Perkinsus atlanticus mwaka 1989. Baadaye ikaonekana kuwa ni kimoja. Mmoja amepewa majina mawili, na mwingine amevikwa jina lisilo lake.

Msomaji mwenye haraka atapinga hivi: yote haya ni anasa ya wasomi. Mfugaji anataka chaza wake wasife. Ana haja gani na ukoo wa kimelea? Pingamizi hili lina nguvu, na hatutaki kulipita kimyakimya. Ni kweli kwamba kazi nyingi nzuri ilifanyika kabla ya jina sahihi. Mwaka 1952 Sammy Ray alibuni kipimo cha kutambua kimelea cha Louisiana: kipande cha nyama ya chaza huwekwa siku kadhaa katika maji maalumu, vimelea vikavimba, kisha vikitiwa iodini huonekana vyeusi-buluu. Kipimo hicho kilidumu wakati majina yalikuwa yakibadilika. Haskin naye aliwachukua chaza walionusurika MSX, akawazalisha kizazi baada ya kizazi mpaka wakapatikana wanaostahimili. Alifanya hivyo bila kujua kimelea hupitaje kutoka chaza mmoja hadi mwingine. Hadi leo njia hiyo haijajulikana.

Basi tunakubali kwamba mtu anaweza kutenda vema juu ya X. Hilo linaiunga mkono hoja yetu, kwa maana aliyeandika X hakukatazwa kufanya kazi. Ila jina la makosa lina gharama yake, na gharama hiyo sisi Waafrika wa Mashariki tumeilipa kwa matumbo yetu. Nani kati yetu hakupimwa choo akaambiwa ana amiba? Mwaka 1925 Mfaransa Émile Brumpt alidai kwamba chini ya jina moja la amiba ya kuhara damu wamefichwa wawili wanaofanana kabisa kwa hadubini: mmoja huchimba utumbo, mwingine hukaa kwa amani bila kudhuru. Hakusikilizwa na wengi. Mwaka 1993 tu, baada ya ushahidi wa kemia na jeni, Louis Diamond na Graham Clark waliwatenganisha rasmi: Entamoeba histolytica na Entamoeba dispar. Kwa miaka karibu sabini watu wasiohesabika walimeza dawa kali kumfukuza mpangaji asiye na kosa, na pengine ugonjwa wao halisi ukaachwa bila kutafutwa, maana jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye karatasi.

Sasa tuigeukie lugha yetu wenyewe, kwa kuwa Kiswahili kina hekima juu ya jambo hili ambayo huwa tunaipita bila kuiona. Kiswahili ni lugha ya uainishaji. Kila nomino ina ngeli yake, na ngeli ndiyo inayoamuru vitenzi na vivumishi. Kiti kimevunjika, kikombe kimevunjika. Lakini kipofu je? Kijana? Kiongozi? Kwa umbo la nje maneno haya yamevaa ki- kama kiti na kikombe. Hata hivyo hakuna mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili atakayesema kipofu kimekuja. Atasema kipofu amekuja. Sarufi imelitazama vazi la neno, kisha ikalipita na kuuliza: huyu ana uhai? Akiwa na uhai, anapewa heshima ya ngeli ya mtu, hata kama jina lake limeshonwa kwa kitambaa cha vitu. Chaza mwenyewe, asiye na macho wala miguu, tunasema amekufa. Kwa kimelea mazoea yanayumba. Walio wengi husema kimelea hiki, nasi tumefuata mazoea hayo, ingawa mwalimu mkali wa sarufi angetudai huyu.

Lakini lugha hiyo hiyo imetupa na kisu. Anayetaka kumdhalilisha mwenzake humvua ngeli yake. Husema kijitu kile kimekuja tena. Herufi mbili tu, na mtu amehamishiwa droo la vyombo. Ndiyo maana tunasema kutoa jina ni tendo la kimaadili. Jina huamua kitenzi kitakachofuata, na kitenzi ndicho kinachomfikia mtu mwilini.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania katika miaka ya themanini tunalikumbuka neno kupe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipiga vita unyonyaji, na katika hotuba, magazeti na vibonzo mnyonyaji akawa kupe, mdudu anayekaa juu ya ng'ombe akinywa damu asiyoitolea jasho. Lengo lilikuwa haki, nasi hatulidharau. Lakini jina likishatoka kinywani halirudi kumwuliza mwenyewe limwendee nani. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, na Dar es Salaam watu wakakusanywa mitaani ili warudishwe mashambani kwa kuwa hawana kazi. Miongoni mwao walikuwamo wauza karanga, wauza maji na mafundi wa kando ya barabara, watu walioamka kabla ya jua. Kazi walikuwa nayo, ila haikuwamo kwenye orodha ya kazi. Droo liliwekwa kwanza, watu wakaingizwa baadaye.

Na kuna majirani zetu waliofikishwa mbali zaidi. Wasomaji wetu waliotoka Maziwa Makuu hawahitaji kuelezwa jinsi redio ya RTLM nchini Rwanda ilivyowaita Watutsi mende mwaka 1994. Kwa mwanabayolojia, kimelea ni neno la kueleza uhusiano tu: huyu anaishi kwa kumtegemea yule, na yule anapata hasara. Halina chuki ndani yake. MSX haimchukii chaza. Neno hilo likichukuliwa na kubandikwa mtu, au kabila, au wageni, limeibwa kazini kwake. Hapo haliwi tena elimu, hata likisemwa na mwenye shahada.

Tunalisisitiza hili kwa sababu sehemu ya mwisho ya habari ya MSX inaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2000 Eugene Burreson na wenzake walionyesha kwa jeni kwamba kimelea hiki ndicho kile kilichokuwamo katika chaza wa Pasifiki, huko Japani, Korea na California. Kule wenyeji hawakuangamia. Huku Mashariki ya Marekani kilikuta chaza wasiokizoea, wakafa. Hakikuwa na pasi ya kusafiria. Watu ndio waliohamisha chaza kutoka bahari hadi bahari bila kujua wamebeba nini. Mwaka 2002 kilionekana Nova Scotia nchini Kanada, na mwaka 2024 katika kisiwa cha Prince Edward. Binadamu hawadhuru hata akimla chaza mwenyewe.

Yuko atakayesema: unaona, mgeni huua mwenyeji. Jibu letu ni kwamba huyo amekosea droo. Kimelea hakiwezi kuahidi, kuomba radhi, kulipa kodi wala kumzika jirani. Mtu anaweza. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wakisema juu ya watu, na walilijua neno lao. Mfano wa chaza una mipaka, na sehemu ya uaminifu katika kutumia mfano ni kusema mahali unapokatika.

Tunao ndugu katika miji yetu yote mitatu ambao maisha yao ni somo la majina. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa kusini mwa Somalia. Waliojikomboa wakalima kando ya mto Juba. Huko wakaitwa jareer, kwa sababu ya nywele zao. Vita vya 1991 vikawakimbiza hadi kambi za Kenya, na huko mashirika yakawaita Wabantu wa Somalia, jina ambalo wazee wao hawakulijua. Waliovuka hadi Tanzania walipofika Chogo, wilayani Handeni, wakaonekana kuwa Wazigua waliorejea, na wengi wakapewa uraia. Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea wengine, nao wakaanza kufika 2003. Hapa fomu moja huwaita Wasomali, nyingine watu weusi, nyingine wakimbizi. Watu ni wale wale, na kila jina lilifungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Matokeo yake si ya kinadharia. Mama mzee anapelekwa hospitali, karatasi imeandikwa Msomali, analetewa mkalimani wa Kisomali cha kaskazini, naye nyumbani anasema Kimaay au Kizigua. Anaitikia kwa adabu, kwa kuwa kumkatiza mtu si heshima, na daktari anaandika kwamba mgonjwa ameelewa. Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kujiona tumesalimika. Mtu wa Fizi au Uvira huandikiwa Kiswahili, akapigiwa simu mkalimani wa Mombasa, na katikati ya maneno ya kitabibu wanapotezana, kwa kuwa Kiswahili cha kwao si hiki, na lugha ya moyoni mwake ni Kibembe au Kifuliiru. Droo lililoandikwa Kiswahili lina watu wengi kuliko jina lake linavyosema.

Je, tuseme basi majina yafutwe? Hapana. Bila jina huyo mama hangeletewa mkalimani yeyote, na bila jina chaza wa Delaware wasingepata mtafiti. Tunachodai ni kidogo, nacho ni desturi ya kila siku kwa mchoraji wa ramani za majengo. Kipimo alichokipima mwenyewe hukiandika hivi, na kile alichokikadiria hukiwekea alama kwamba hakijathibitishwa, ili fundi anayekuja nyuma asikijengee. Majina tunayopeana yangekuwa na alama hiyo tungeumizana kidogo zaidi.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo jambo moja la kutendeka. Mnapompeleka mzee kliniki au kumwandikisha mtoto shule, msiridhike na kisanduku kilichoko. Mwulizeni mzee mwenyewe, kwa subira: nyumbani mlisema lugha gani, na mliitwa nani na watu waliowapenda? Liandikeni jibu lake pembeni ya kisanduku, hata kama hapana nafasi. Na ikiwa hamjui, msimbunie. Acheni pawe wazi hadi mtakapomfikia wa kumwuliza.